Mtawala na Vazi Lake

Kuna swali jepesi kuulizwa lakini zito kujibiwa: heshima tunayompa mtawala, je, twampa yeye mwenyewe au twalipa vazi lake? Kila mtu huzaliwa uchi, awe mwana wa mfalme au mwana wa mchunga mbuzi. Yale yanayowatenga hao wawili huja baadaye: taji, joho, upanga, nishani kifuani, na picha kubwa iliyotundikwa ukutani. Vitu hivyo vikiondolewa, husalia nini? Wako wasemao kwamba husalia mtu, na mtu ndiye astahiliye heshima. Wako pia wasemao kwamba husalia mtu kama watu wengine, na kwa sababu hiyo vitu hivyo visiondolewe kamwe, maana utii wa raia umeshikizwa navyo kama nguo kwa kifungo. Kila upande una hoja yake, na yafaa tuzipime hoja hizo kabla ya kuhukumu.

Ili tusibishane hewani, natutazame nchi moja na watawala wake. Nimechagua Ujerumani kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na watawala wengi mno. Leo ni jamhuri moja, lakini mpaka mwaka wa 1806 ilikuwa sehemu ya dola kubwa iliyogawanyika katika himaya zipatazo mia tatu, nyingine pana kama ufalme, nyingine ndogo kama tarafa. Juu ya wote alikuwako Kaisari. Chini yake walikuwako wakuu wa kila daraja, na miongoni mwao saba walipewa na sheria ya mwaka 1356 haki ya kumchagua Kaisari. Hao waliitwa Wateuzi. Mtawala wa Saksonia na mtawala wa Brandenburg walikuwa katika hao saba. Penye majogoo wengi katika ua mmoja kila mmoja huwika, na wakuu hawa waliwika kwa nguo, kwa vito na kwa rangi za wachoraji.

Watu wa zama zile hawakulichukulia vazi kuwa jambo dogo. Mwaka 1530 baraza la dola lilikutana katika mji wa Augsburg na kutoa sheria iliyoeleza nani avae nini: mkulima avae kitambaa gani, mfanyabiashara gani, na mwungwana gani. Sheria hiyo ikatolewa tena mwaka 1548, na tena mwaka 1577. Kusudi lake moja lilikuwa kuwazuia watu wasiteketeze mali zao kwa anasa. Kusudi la pili lilikuwa kwamba cheo cha kila mtu kitambulikane kwa macho, pasipo kuuliza. Lakini sheria inayorudiwa mara tatu ni sheria isiyotiiwa. Walioitunga walijua kwamba mahameli haimkatai mtu yeyote mwenye fedha ya kuinunua. Kama cheo kingekuwa katika damu ya mtu, kama walivyodai wakuu wenyewe, hapangekuwa na haja ya kukilinda kwa sheria ya nguo.

Picha nazo zilikuwa na kazi yake. Mwaka 1505 mchoraji Lucas Cranach aliingia katika utumishi wa Mteuzi wa Saksonia, Friedrich aliyeitwa Mwenye Hekima, katika mji wa Wittenberg. Cranach aliwatumikia Wateuzi watatu, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa na karakana yenye wanafunzi na wasaidizi wengi. Mteuzi wa tatu, Johann Friedrich, alipotawala mwaka 1532 baada ya kifo cha baba yake, aliagiza kwa Cranach picha za baba yake na za Friedrich, ndugu ya baba yake, jozi sitini kwa mara moja. Fikiri, msomaji: picha mia moja na ishirini za nyuso mbili! Hazikuwa kwa ajili ya kuta zake mwenyewe. Zilikuwa za kupelekwa huku na huko, ili kila atakayeziona ajue kwamba watawala wale walikuwa watu wa haki, na kwamba huyu wa sasa ni mrithi wao halali. Wakati ule hapakuwa na magazeti wala upigaji picha. Raia aliweza kuishi na kufa pasipo kumwona mtawala wake hata mara moja. Basi picha ilisafiri mahali pake.

Hapa tuwape haki yao wale wanaolitetea vazi la enzi. Wao husema kwamba serikali ni kitu kisichoonekana. Hakuna mtu aliyewahi kuigusa sheria kwa mkono wake. Kwa hiyo watu huhitaji alama, nayo alama haina budi kuwa ya kupendeza na kuheshimika. Hakimu akiketi barazani kwa nguo za shambani, hukumu yake huonekana kama maoni ya jirani tu. Tena husema kwamba vazi humfunza aliyelivaa: mtu akiwekewa taji kichwani hukumbuka kwamba mambo ya kitoto hayamfai tena. Hoja hizi si za kupuuzwa. Hata sisi walimu twajua kwamba mwanafunzi akikabidhiwa beji ya kiranja, siku ileile mwendo wake hubadilika. Swali ni kama mwendo huo hubadilika kwa wema au kwa majivuno.

Johann Friedrich mwenyewe alikuja kujaribiwa katika jambo hili. Alikuwa mmoja wa viongozi wa wakuu wa Kiprotestanti waliopigana na Kaisari Karl wa Tano. Tarehe 24 Aprili 1547 alishindwa vitani Mühlberg, akajeruhiwa usoni, akatekwa. Alihukumiwa kufa; baadaye hukumu ikageuzwa kuwa kifungo, lakini cheo cha Uteuzi na sehemu kubwa ya nchi yake vikapewa binamu yake Moritz. Kaisari alimwagiza Titian, mchoraji mashuhuri kutoka Venezia, amchore yeye mshindi juu ya farasi, mwenye deraya na mkuki. Katika picha ile ya mwaka 1548 hamna askari mwingine wala maiti. Mna Kaisari peke yake na anga, kana kwamba vita vilipiganwa na mtu mmoja asiyetoka jasho.

Lakini Titian alimchora mfungwa pia. Katika picha moja twamwona Johann Friedrich ameketi, mtu mnene sana, kichwa wazi, amevaa joho jeusi lenye manyoya. Hana upanga wa Uteuzi wala kofia ya cheo. Hata hivyo mwenye kuitazama picha ile hawezi kumcheka. Katika miaka mitano ya kifungo alitakiwa akubali amri ya Kaisari juu ya mambo ya dini, naye akakataa, ingawa kukubali kungaliweza kumpunguzia adhabu. Cranach, aliyekuwa mzee wa miaka karibu themanini, alimfuata bwana wake huko kifungoni mwaka 1550. Watu hawamfuati hivyo mtu kwa ajili ya nguo alizokwisha kuvuliwa. Basi tumepata jambo la kwanza: kuna heshima ambayo mshindi hawezi kuiteka pamoja na taji, kwa sababu haikuja pamoja na taji.

Sasa tugeuke kwa mtawala wa namna nyingine. Friedrich wa Tatu, Mteuzi wa Brandenburg, alitamani kuitwa mfalme. Alipata idhini ya Kaisari kwa kuahidi askari, na tarehe 18 Januari 1701, katika mji wa Königsberg, alijivika taji kwa mkono wake mwenyewe, akawa Friedrich wa Kwanza, Mfalme katika Prusia. Siku moja kabla ya hapo alianzisha nishani ya Tai Mweusi, ili ufalme mpya usikose mapambo yake. Mwili wake ulikuwa dhaifu na bega lake lilipinda tangu utotoni. Katika picha za enzi yake, nywele ndefu za bandia na joho pana lenye manyoya meupe vilimsitiri vizuri sana. Mtu asimlaumu kwa kusitiri bega. Kilema si aibu, na kukisitiri si dhambi.

Walakini gharama ya fahari ile ni jambo jingine. Sherehe, majumba, vito na watumishi vililipwa na nani? Vililipwa na kodi. Miaka michache baada ya kutawazwa kwake, Prusia ya Mashariki ilipatwa na njaa, na baadaye tauni. Kati ya 1709 na 1711 walikufa huko watu zaidi ya 200,000, yaani karibu theluthi moja ya wakazi wa jimbo lile, na ndilo jimbo lilelile alimotawazwa. Vijiji vizima vikawa mahame. Hali ya fedha za serikali ilikuwa mbaya hata waziri mkubwa wa mfalme akaondolewa. Sisemi kwamba joho lilileta tauni. Nasema kwamba fedha iliyokwisha kuwa almasi haiwezi kuwa unga siku ya njaa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakati huohuo, katika Dresden, Mteuzi August wa Saksonia, aliyekuwa pia Mfalme wa Polandi tangu 1697, alimwajiri sonara Dinglinger, ambaye kwa miaka ya 1701 mpaka 1708 alitengeneza kwa dhahabu, enameli na maelfu ya vito mfano mdogo wa baraza la Mfalme wa Delhi. August hakuwahi kufika Delhi. Alitaka tu kuona katika meza yake mamlaka yasiyo na mpaka, kwa kuwa yake yalikuwa na mipaka mingi. Sanamu yake ingali imesimama Dresden mpaka leo: amepanda farasi, amevaa deraya ya Kirumi, amepakwa dhahabu mwili mzima.

Baada ya kuyasikia haya, kijana atasema upesi: basi mtawala mwema ni yule avaaye nguo za kawaida. Jibu hili lapendeza, lakini tungoje kidogo. Friedrich wa Kwanza alipokufa mwaka 1713, mwanawe Friedrich Wilhelm alifuta karibu fahari yote ya baba yake. Alipunguza watumishi wa jumba, akalipa madeni, naye hakutaka kutawazwa kwa sherehe. Nywele ndefu za bandia alizidharau. Alizoea kuvaa sare ya buluu ya askari, kama maofisa wake. Akipatwa na ugonjwa wa jongo alijipa kazi ya kuchora picha kwa mkono wake, na juu ya baadhi yake aliandika kwamba zilichorwa katika maumivu. Je, huyu siye mfalme tunayemtafuta?

Tazama upande wa pili. Mfalme huyu asiyependa makuu alikuwa na fimbo, naye aliwapiga kwayo watumishi, raia na watoto wake. Alikuta jeshi la watu wapatao 40,000, akaliacha lina zaidi ya 80,000. Alipenda askari warefu kuliko kitu chochote, na mawakala wake waliwatafuta Ulaya nzima. Wengine walitekwa njiani kama wezi watekavyo ng'ombe. Mwanawe mkubwa, ambaye alipenda vitabu, muziki na nguo nzuri, alijaribu kumtoroka mwaka 1730. Rafiki aliyemsaidia, luteni Katte, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha maisha. Mfalme aliikataa hukumu hiyo kuwa ni nyepesi, akaamuru akatwe kichwa, na mwana wa mfalme akalazimishwa kuwapo dirishani siku ile. Joho la babu lilikula fedha za watu. Koti la baba lilikula watu wenyewe. Basi unyofu wa nguo si ushahidi wa upole wa moyo.

Liko jambo jingine katika habari za mfalme huyu, nalo latuhusu sisi Waafrika kwa karibu. Babu yake, aliyeitwa Mteuzi Mkuu, alikuwa ameanzisha kampuni ya biashara, na mwaka 1683 kampuni hiyo ilijenga ngome katika pwani ya nchi iitwayo leo Ghana. Kutoka huko maelfu ya watu walipakiwa merikebuni na kuuzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Friedrich Wilhelm hakuitaka biashara hiyo ya mbali, akaiuza ngome kwa Waholanzi kwa mkataba wa mwaka 1717. Bei ilikuwa dukati 7,200 pamoja na Waafrika kumi na wawili, na katika hao sita wawe wamepambwa kwa minyororo ya dhahabu. Msomaji, isome bei hiyo tena. Mfalme aliyeyafukuza mapambo mwilini mwake mwenyewe aliyadai katika miili ya watu wengine. Bali watu wenyewe ndio waliokuwa mapambo.

Yeyote aonaye picha za wakuu wa zama zile hana budi kuangalia pembeni. Mchoraji Antoine Pesne aliwachora mwaka 1714 watoto wa mfalme huyuhuyu, Friedrich mdogo mwenye ngoma yake na dada yake Wilhelmine. Nyuma yao yuko Mwafrika aliyeshika mwavuli. Watoto wale twawajua kwa majina, siku za kuzaliwa na siku za kufa. Yeye amewekwa pale kama vile pazia na nguzo, ili weupe wa watoto ung'ae zaidi na watazamaji wajue kwamba mkono wa baba yao wafika mbali. Amevikwa vizuri, lakini vazi lile si heshima kwake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, seuze nguo ya kuvikwa kwa nguvu.

Na ili mtu asidhani kwamba waliosimama pembeni hawakuwa na neno la kusema, tumkumbuke Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na mwaka 1703 katika nchi ya Axim, si mbali na ngome ile niliyoitaja, akachukuliwa na Waholanzi angali mtoto, na mwaka 1707 akatolewa kuwa zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel, Anton Ulrich. Alibatizwa kwa majina ya mtawala huyo na ya mwanawe, kama kitu kinavyopigwa chapa. Lakini alipelekwa shule, na akili yake haikukubali kuwa pambo. Aliingia Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1727. Mwaka 1729 alijadili pale mbele ya wanazuoni haki za watu weusi katika Ulaya. Mwaka 1734 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Wittenberg, mji uleule wa Cranach, kisha akafundisha vyuoni. Mwishowe alirudi pwani ya kwao. Picha za wakuu wa Wolfenbüttel ziko. Picha ya Amo inayojulikana kwa yakini haiko. Hata hivyo wasomao falsafa leo humtafuta Amo kuliko wanavyomtafuta Anton Ulrich.

Yule mtoto mwenye ngoma alikua, akawa Friedrich wa Pili, aliyetawala tangu 1740 mpaka 1786. Alijiita mtumishi wa kwanza wa dola. Alivaa koti lilelile la buluu mpaka likachakaa, nalo lilikuwa na madoa ya ugoro. Hakupenda kukaa mbele ya wachoraji. Picha zake nyingi zilichorwa na watu waliomwona kwa mbali tu au walionakili picha nyingine. Mwanzoni mwa utawala wake alipunguza mno utesaji wa washtakiwa, na hilo ni jema. Mwishoni mwa mwaka uleule aliishambulia nchi ya Silesia, akaanzisha vita vilivyoua watu wengi, na hilo si jema. Na koti lake kuukuu? Lilipata kuwa mashuhuri kuliko joho la babu yake. Watu walilisimulia, walilichora, walilihifadhi. Ndipo tunapojifunza jambo la pili: hata uchakavu waweza kuwa pambo, na mtawala aweza kujivika unyenyekevu kama mwingine ajivikavyo dhahabu. Hatuwezi kuukimbia udanganyifu wa vazi kwa kubadili vazi.

Wa mwisho katika safu hii ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani tangu 1888 mpaka 1918. Alizaliwa kwa shida mwaka 1859, na mkono wake wa kushoto ukaumia hata ukabaki mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita kama 15. Utotoni aliteswa kwa matibabu ya kila namna yasiyofaa. Alipokuwa mkubwa alivaa sare nyingi kuliko mtawala yeyote wa wakati wake, akibadili mara kadhaa kwa siku. Na katika picha zake mkono ule hupumzishwa juu ya upanga, au hushika glavu, au hufichwa na joho. Twaweza kumhurumia mtoto yule. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu aliyefundishwa kwamba udhaifu ni aibu hutafuta siku zote kuonekana mwenye nguvu, na mtawala wa namna hiyo huwagharimu watu wengi.

Sura ya Kaisari huyo ilifika kwetu. Ujerumani ilikuwa imejitangaza mlinzi wa Witu, karibu na Lamu, kuanzia 1885 mpaka ilipoiachia Uingereza mwaka 1890. Na Tanganyika ilikuwa chini yake mpaka vita vya 1914 hadi 1918. Juu ya rupia ya fedha iliyotumika Tanganyika palikuwa na kichwa cha Wilhelm, amevaa chapeo yenye tai juu yake. Yeye mwenyewe hakukanyaga nchi ile hata siku moja. Mkulima aliyedaiwa kodi alimjua Kaisari kwa chapeo ile tu, na aliijua hasa alipokuwa hana rupia. Katika Vita vya Maji Maji, vya 1905 mpaka 1907, walikufa kwa silaha na kwa njaa watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Uso ulio juu ya sarafu haukuonyesha dalili yoyote ya jambo hilo. Sarafu haina uso wa huruma wala wa haya.

Katika miaka hiyohiyo, huko Ujerumani kwenyewe, palitokea kisa ambacho chafaa kukumbukwa na kila mtu apendaye kutii. Wilhelm Voigt alikuwa fundi viatu aliyekwisha kukaa gerezani miaka mingi. Alinunua sare ya kapteni, kipande hiki duka hili na kipande kile duka lile, zote zikiwa zimevaliwa na wengine. Tarehe 16 Oktoba 1906 aliivaa, akawasimamisha askari aliowakuta njiani, akawaamuru wamfuate. Wakamfuata. Akaenda nao kwa gari la moshi mpaka mji wa Köpenick, akamkamata meya katika ofisi yake, akachukua fedha za mji, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza wewe ni nani. Alikamatwa siku kumi baadaye, akahukumiwa miaka minne, na mwaka 1908 Kaisari akamsamehe. Ulimwengu ulicheka. Lakini walioutazama ukweli wa kisa kile hawakucheka sana, maana Voigt alikuwa amethibitisha kwamba askari wale hawakumtii mtu wala sheria. Walitii vifungo vya koti.

Novemba 1918 wafalme na wakuu wote wa Ujerumani walianguka, mmoja baada ya mwingine. Wilhelm alikimbilia Uholanzi, akaishi huko mpaka alipokufa mwaka 1941. Rais wa kwanza wa jamhuri, Friedrich Ebert, alikuwa mwana wa mshona nguo, naye mwenyewe alijifunza kazi ya kutengeneza matandiko ya farasi. Agosti 1919, siku zilezile alipokula kiapo, gazeti moja la Berlin lilichapisha picha yake akiwa na nguo ya kuogelea, amesimama majini pwani. Watu waliochoshwa na miaka minne ya vita vya Kaisari mwenye sare walimcheka rais asiye na sare. Kadi za posta zikatolewa: upande mmoja Kaisari na nishani zake, upande mwingine Ebert na tumbo wazi. Mtu mmoja alikuwa ameiongoza nchi katika maangamizi naye amevaa vizuri. Mwingine alijaribu kuiokoa, na kosa lake lilikuwa kuoga baharini. Wengi walimdharau wa pili.

Hapa ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Tangu mwanzo tulikuwa tukimshtaki mtawala: je, vazi lake ni kweli au ni uongo? Lakini vazi peke yake halisemi kweli wala halisemi uongo. Vazi ni ahadi. Hakimu avaapo joho huahidi kwamba hatasema maneno yake mwenyewe bali ya sheria. Askari avaapo sare huahidi kwamba nguvu zake si zake bali za wananchi. Na kila ahadi ni deni. Friedrich wa Kwanza alikopa kwa joho lake, na njaa ilipokuja hakuwa na cha kulipa. Wilhelm alikopa zaidi, na watu wengine wakalipa kwa damu. Johann Friedrich alinyang'anywa joho la cheo, lakini aliendelea kulipa deni lake kifungoni, na kwa hiyo alibaki mtu mzima.

Nasi watazamaji tuna sehemu yetu, wala si ndogo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na asiyeulizwa huzoea kutojibu. Askari wa Köpenick wangaliweza kuuliza karatasi ya amri. Waliomcheka Ebert wangaliweza kuuliza amefanya nini. Basi wewe kijana, ambaye kesho utapiga kura, utatii amri, au wewe mwenyewe utatoa amri, uionapo picha ya mkubwa yeyote jizoeze kuuliza mambo matatu. Fahari hii imelipwa na nani? Ni nani aliyesimama pembeni, au aliyeachwa nje kabisa ili picha ipendeze? Na ahadi iliyomo katika vazi hili, je, imetimizwa?

Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Heshima si utumwa, na adabu isiyo na macho si adabu bali ni woga. Aliye mkubwa kweli hataudhika kwa maswali hayo, kwa kuwa ana majibu. Asiyekuwa na majibu ataonyesha nishani zake. Nawe ukiziona zinaonyeshwa mahali pa jibu, umekwisha kujua.